Mimba ya Mtungi wa Mafuta

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita: Nanjala na mumewe Kiarie walikuwa wakiishi vizuri tu katika nyumba ya kukodi Hurlingham, karibu na ofisi ambako Nanjala hupokea wageni na simu. Kibanda cha simu cha Kiarie kikateketea huko mjini, kodi ikawashinda, wakahamia Waithaka katika boma la mamake Kiarie, Mama Njuguna. Huyo mama hakuwahi kumpenda Nanjala. Kwanza ni msichana wa Bungoma. Pili, mwaka wa nne wa ndoa ulikuwa unakatika na hakuna mtoto.

Tulimwacha Nanjala ameinama nyuma ya jiko, anatapika, na mama mkwe amesimama juu yake na mwiko mkononi.

Haya yote amenieleza mwenyewe, na aliniomba nisimpambe. Sitampamba.

Kilichomtapisha kilikuwa mafuta ya kupikia.

Mtungi wenyewe ulikuwa wa manjano, wa lita ishirini, zawadi ya Krismasi kutoka kwa Njuguna, kifungua mimba wa yule mama, anayekaa Karen na mkewe Becky katika nyumba yenye bustani kubwa kuliko uwanja wa kanisa. Mama Njuguna aliupokea mtungi ule kama vile amepokea ng'ombe. Akauweka kwenye stoo ya mabati iliyoungana na jiko, juu kabisa chini ya paa, mahali jua linachoma kutoka asubuhi mpaka jioni. Kifuniko kilipopotea, akaziba mdomo kwa karatasi ya nailoni aliyoisokota.

Alichota kidogo kidogo, kwa sababu mafuta yale yalikuwa yanangoja siku kubwa. Na hakumwaga kitu. Akishakaanga mandazi, mabaki yanarudi mtungini. Akikaanga viazi, yanarudi. Siku Nanjala alipokaanga samaki, yale mafuta meusi yenye magamba yalichujwa kwa kitambaa cha vyombo, yakarudi humo humo kukaa na wenzao.

Sasa kitu kilichotoka humo hakikuwa mafuta tena. Kilikuwa kizito, rangi ya chai ya jana. Ubavu wa mtungi ulinata kama umepakwa gundi, na inzi waliotua pale hawakuondoka. Kwenye sufuria yalianza kufuka moshi kabla hata hayajashika moto, halafu yakatoa povu kama la sabuni. Na ile harufu! Rangi ya mlango iliyochacha, iliyochanganywa na samaki na kitambaa kibichi. Iliingia kwenye nywele za Nanjala, kwenye blanketi, kwenye sweta ya kwenda kazini. Mara moja kwenye lifti ya ofisini mwanamke mmoja alimsogelea, akanusa, akasonga mpaka ukutani.

"Nanjala, nini mbaya?" Mama Njuguna aliuliza siku hiyo.

"Ni mafuta, Mama. Yameharibika."

"Mafuta gani?"

"Hayo ya mtungi. Yananuka."

Mama Njuguna alinusa mwiko. Akanusa tena. Alikuwa amepika katika moshi wa makaa maisha yake yote, na harufu ile ilikuwa imekuja pole pole hata hakuiona ikiingia.

"Mimi sisikii kitu," akasema. "Hii ni mafuta ya Karen. Mafuta ya Karen inaharibika?"

"Mama, inakaa kwa jua. Haifunikwi. Na ile tumepikia unairudisha ndani. Mafuta yakiwa mazuri hayatoi povu hivyo. Ukionja yanakuna koo."

Nanjala alijua alichokuwa akikingoja: kuambiwa kwao Bungoma wanakula na nini, kuambiwa anaringa kama mke wa waziri. Alijipangusa mdomo, akainua uso apokee matusi yake.

Matusi hayakuja.

"Ulianza lini kusikia hiyo harufu?" mama mkwe aliuliza, sauti ya chini.

"Wiki hizi mbili hivi."

"Na ni asubuhi ndio inakusumbua?"

"Asubuhi ndio mbaya zaidi."

Asubuhi ndiyo saa ya kukaanga mandazi. Nanjala hakumaliza kusema hivyo. Mwiko ulianguka chini.

"Ngai wakwa! Mungu wangu!" Mama Njuguna alishika kichwa kwa mikono miwili. "Na unanyamaza! Msichana wangu, na unanyamaza!"

Akamkumbatia. Leso yake yote ilikuwa inanuka mafuta yale, na Nanjala alibana pumzi ndani ya kumbatio hilo. Mdomo wake ulifunguka kusema hapana, Mama, si hivyo. Lakini kwa miaka yote aliyoolewa katika boma lile hakuwa amewahi kuitwa msichana wa mtu yeyote.

Akaufunga mdomo.

Hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe anakubali.

*

Kuanzia siku hiyo aliishi kama malkia. Kiti chenye mto kikawa chake. Maziwa ya asubuhi, yale ambayo zamani yalikuwa ya paka na Kiarie, yakawa yake. Uji ukaletwa hadi kitandani. Jikoni akapigwa marufuku. Mama Njuguna alimpigia Becky simu Karen, kisha wanawake wa kanisa, na sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani.

Kisha siku za Nanjala za mwezi zikaja kama kawaida.

Aliosha vitambaa vyake bafuni amefungua mfereji kwa nguvu, akavianika ndani ya kabati, chini ya nguo za Kiarie. Alipotoka, mama mkwe alikuwa amemshikia kikombe cha uji. "Kunywa, Wahome apate nguvu," akasema. Wahome alikuwa marehemu mumewe. Mtoto wa kiume akizaliwa, jina ni hilo.

Nanjala akanywa. Anasema alijisikia mchafu kuliko ule mtungi. Alipanga kwamba akingoja kidogo, atasema imetoka. Wanawake wengi hutokwa na mimba. Atalia, watamlilia, na hakuna atakayejua. Alipojisikia akipanga hivyo, akiwa bado na uji mdomoni, alitamani kujitemea mate.

Lakini kilichomshangaza ni Kiarie.

Kiarie alipopewa habari na mama yake, alisema, "Sawa." Neno hilo tu. Akavua viatu, akavaa tena, akatoka nje. Tangu siku hiyo alichukua blanketi akaanza kulala kwenye kochi.

"Ni upumzike," alimwambia Nanjala bila kumtazama.

Ijumaa akampigia simu ofisini. "Njoo mjini tule lanchi."

Walikutana kwenye hoteli ndogo ya chipsi karibu na barabara ya Tom Mboya, ambako Kiarie alikuwa amepata pembe kwa rafiki ya kuuzia vifuniko vya simu. Mezani alikuwa anaangalia mdomo wa mkewe.

Nanjala hakuwa amekula kitu cha kukaanga chenye harufu nzuri kwa muda mrefu. Mafuta ya hoteli ile yalikuwa mapya, ya rangi ya asali, ungeweza kuona viazi vikigeuka ndani yake. Alikula sahani yake yote. Akala na za Kiarie.

"Mafuta ya hapa hayakusumbui?" Kiarie aliuliza.

"Haya ni mazuri."

"Mama alisema huwezi kunusa mafuta."

"Ya mama yameoza, Kiarie. Nenda ufungue ule mtungi unuse."

"Kwa hivyo ni ya mama tu."

"Ni ya mama tu."

Kiarie alizungusha chupa ya soda mezani. "Nanja, nikuulize kitu. Huko ofisini kwenu, unaongeanga na nani sana?"

"Unamaanisha nini?"

"Nauliza tu."

"Naongea na watu wote, ni kazi yangu."

"Sawa," akasema. Lile sawa lake tena. Akalipa, akamwacha Nanjala pale na vidole vyenye chumvi.

Angemwambia hapo hapo. Maneno yalikuwa yamefika kooni. Lakini alidhani mumewe amekasirika kwa sababu ya umaskini, kwamba mtoto amekuja wakati mbaya, na akaogopa kwamba akimwambia ni uongo atakasirika mara mbili.

*

Jioni hiyo Mama Njuguna alitangaza kwamba Jumapili, baada ya ibada, wanawake wa kanisa watakuja nyumbani kushukuru. Becky naye atakuja kutoka Karen.

"Na tutapika na ile mafuta yote," akasema, uso ukimwaka. "Nilikuwa nashangaa naiwekea nini. Kumbe nilikuwa nawekea Wahome."

Nanjala aliwaona wanawake wale machoni pake, wengine wazee, mmoja ametoka hospitalini majuzi tu kwa ugonjwa wa nyongo, wote wakimeza kile kitu.

"Mama, nitanunua mengine," akasema haraka. "Nitapitia duka kesho. Yale ya mtungi yawekwe tu."

"Niaibike mbele ya Becky? Aje akute nimepika na ya duka na yake iko?"

"Lakini yananuka, Mama. Kweli kabisa. Yameharibika."

Mama Njuguna alimpapasa tumbo na kucheka, kicheko cha upendo mtupu. "Si wewe unasikia harufu, ni mtoto. Akitoka utaona hii mafuta ni tamu."

Hapo Nanjala aliona alivyojifunga. Ushahidi wote wa mimba yake ulikuwa pua yake. Mafuta yakiwa mazuri, basi yeye ni mjamzito. Mafuta yakiwa yameoza, basi yeye ni mwongo. Angewezaje kuwaonya watu wasile bila kujivua nguo mbele yao?

Alimwomba angalau aruhusiwe kukanda unga wa chapati. Aliruhusiwa, mradi akande akiwa ameketi.

*

Jumapili asubuhi mtungi uliteremshwa. Ulipowekwa chini uliacha duara jeusi la kunata kwenye rafu, na ndani ya duara mende wawili waliokauka. Karatasi ya nailoni ilipotolewa, ilitoka na uzi mrefu kama kamasi.

Nanjala alikanda unga akipumua kwa mdomo. Mama Njuguna alisukuma, akachoma. Kila chapati ilipomwagiwa mafuta, moshi wa kijivu ulipanda ukawasha macho. "Makaa ni mabichi," mama mkwe akasema, akijifuta machozi kwa mkono.

Becky alifika mapema, gari likasimama nje ya geti, miwani ya jua kichwani. Alisalimia kwa mashavu, akaenda jikoni, kisha akaonekana akirudi nyuma haraka. Akamshika Nanjala mkono, akamvuta mpaka ndani ya stoo.

"Hii kitu bado iko?" alinong'ona akionyesha mtungi.

"Unaujua?"

"Aki, mimi nilifikiri iliisha zamani! Njuguna alikuwa amenunua mitungi ya kupatia wafanyakazi. Ikakaa kwa gereji, kando ya jenereta, kwa joto lile, zaidi ya mwaka. Nikafungua mmoja, harufu kama ya rangi. Nikabandua tarehe kwa hii mingine, nikamwambia Njuguna mmoja apelekee mamake."

Nanjala alimtazama. "Ulimpa Mama mafuta yaliyooza?"

"Sikujua atakula yeye. Nilidhani atawapatia watu."

"Watu gani?"

Becky alikuwa ameanza kufikiria, na ungeweza kuona fikira zikitembea usoni mwake. Akainama, akanusa mdomo wa mtungi, akageuka akafunika pua. Mabega yake yakaruka kama mtu anayetaka kutapika.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mama aliniambia kwa simu kwamba ulijulikana uko na mimba kwa sababu ya mafuta. Kwamba ulitapika."

Nanjala aligeukia mlango.

"Hii mafuta hata mimi nataka kutapika, na mimi sina mimba." Becky akamkazia macho. "Nanjala. Uko nayo ama huna?"

Nanjala aliangalia mende wale wawili kwenye rafu.

"Wee!" Becky akasema pole pole. Kisha akatabasamu, na Nanjala anasema hakuna kitu katika boma lile, hata ule mtungi, kilichomchukiza kama tabasamu hilo. "Basi tuelewane kama wake wa hii nyumba moja. Mafuta ni mazuri, na wewe una mimba. Mimi sijaona kitu, na wewe hujaona. Sindio?"

"Na hao watu watakaokula?"

"Wataendesha tumbo kidogo. Hakuna mtu amewahi kufa na chapati."

Akarudisha miwani machoni, akatoka akiimba wimbo wa ibada.

*

Wanawake walijaa uani wakiwa na leso za chama na nyimbo. Walikuwa wamebishana njia nzima kuhusu ndizi na chungwa, alama za Ndiyo na La, maana ni ule mwaka wa kura ya maoni ya katiba, lakini walipoingia getini waliacha siasa wakaanza vigelegele. Vitano, vya mvulana. Nanjala aliketishwa katikati. Mama Shiku, mwenyekiti wao, aliomba sala ndefu ambayo ndani yake Nanjala alitajwa pamoja na Sara na Hana.

Kisha Mama Njuguna akaja na sinia ya chapati na mandazi. Akachagua chapati ya juu, ile iliyong'aa zaidi kwa mafuta, akamkabidhi Nanjala kwa mikono miwili.

"Anza wewe."

Alikata kipande. Kilikuwa cha moto, na kwa sekunde moja kilikuwa unga na chumvi tu. Halafu mafuta yakafika. Yalipaka ulimi kama nta, yakashuka kooni yakikwaruza, yakaacha nyuma ladha ya kitu ambacho mtu hupaka dirishani. Akameza. Wanawake wakapiga vigelegele. Becky alikuwa ameshika kikombe cha chai, sahani yake tupu. "Mimi nafunga kula vitu vya unga," aliwaambia waliokuwa karibu naye.

Wengine wakaanza kula.

Nyimbo zilikatika moja moja. Mama Shiku alitafuna, akaacha kutafuna, akatafuta chai, akameza vyote kwa pamoja. Mwingine alikunja chapati ndani ya kitambaa cha karatasi, akaitia kwenye mkoba bila kutazama. Yule mgonjwa wa nyongo alirudisha andazi kwenye sahani likiwa na alama ya meno, akaligeuza upande mzima uwe juu. Mtu alikohoa, akakohoa tena.

Mama Njuguna alisimama katikati yao na sinia.

"Kwani hamli?"

"Tunakula, Mama Njuguna," Mama Shiku akasema, macho yamejaa machozi. "Tunakula, ni tamu sana."

"Mbona zimebaki?"

Nanjala aliona uso wa mama mkwe ukibadilika, ule uso uliokuwa umewaka wiki nzima. Aliwaona wanawake wakimtazama, kisha wakatazamana. Alikuwa amewaalika mbele ya mke wa Karen, na chakula chake hakiliki.

Becky akaweka kikombe chini. "Mama, hizi chapati ni nani alikanda?" akauliza kwa sauti ya kumsaidia mtu. "Si ni Nanjala? Labda unga ulikaa sana. Hawa wetu wa upande ule wamezoea ugali tu, chapati hawaiwezi."

Wengine walicheka kidogo, kicheko cha kutafuta njia ya kutoka. Nanjala alimtazama Becky. Maelewano yao hayakuwa yamemaliza hata saa.

"Usimguse!"

Ilikuwa sauti ya Mama Njuguna. Aliweka sinia chini, akaja akasimama mbele ya kiti cha Nanjala kama mtu anayezuia mbwa.

"Chapati nimechoma mimi," akasema. "Kama ni mbaya, ubaya ni wangu. Mimi ni mzee, ulimi wangu umekufa, pengine sijui tena chakula. Lakini huyu msichana hakuna mtu ataongea juu yake kwa hii boma. Amebeba Wahome wangu. Becky, unasikia? Watoto wako hawajui hata njia ya Waithaka. Huyu ndiye ananiletea mtu."

Nanjala anasema angevumilia matusi. Angevumilia kula zile chapati zote, moja baada ya nyingine. Lakini mgongo ule wa mama mzee mbele yake, na sweta iliyotoboka kwenye kiwiko, na ule uvundo uliokuwa umeganda kwenye sweta, vilimshinda.

Akainuka.

"Mama, geuka uniangalie."

"Kaa chini, mtoto."

"Mama, hakuna Wahome."

Mama Njuguna alitabasamu kama hakusikia vizuri.

"Hakuna kitu. Sina mimba," Nanjala akasema. "Mafuta ndiyo yameoza. Yalikuwa yameoza hata kabla hayajafika hapa, na Becky anajua, muulize. Mimi nilitapika kwa sababu ya harufu, wewe ukafurahi, na mimi nikanyamaza. Ningesema ukweli, ungeacha kuniita msichana wako. Ndio nikanyamaza." Akawageukia wageni. "Wekeni chini hivyo vyakula. Tafadhali. Msimeze tena."

Becky alikuwa amesimama tayari, mkoba begani, akitafuta funguo za gari.

Mama Njuguna aliokota kipande cha chapati kutoka sahani ya Mama Shiku. Akakileta puani, akavuta pumzi, akakaa nayo. Akakitia mdomoni, akatafuna muda mrefu sana. Kisha akatema ndani ya kiganja chake na kukitazama alichotema.

Huko nyuma kitu kikavunjika.

Kiarie alikuwa amesimama mlangoni mwa geti na kreti ya soda aliyotumwa dukani. Kreti ilikuwa chini sasa, soda inachuruzika kwenye vumbi. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi.

"Rudia," akasema.

"Kiarie, nisamehe, nilitaka..."

"Rudia uliyosema. Huna mimba?"

"Sina."

"Hujawahi kuwa nayo?"

"Sijawahi."

Nanjala alifunga macho angoje kofi. Alisikia viatu vyake vikija vinakanyaga vipande vya chupa. Kisha akasikia kitu kingine, akafungua macho. Kiarie alikuwa amepiga magoti mbele yake, mbele ya wanawake wote wa kanisa, analia na kucheka kwa pamoja.

"Asante Yesu," alikuwa anasema. "Asante Yesu. Kumbe hakuna mwanaume. Nanja, kumbe hakukuwa na mwanaume mwingine."

Mama Shiku akashika mdomo. Mama mkwe akakunja kiganja chake juu ya kile alichotema.

"Kiarie," akaita. Sauti yake haikuwa na machozi tena. "Mwanaume mwingine ameingiaje hapa? Mke wako angekuwa na mimba, kwa nini isingekuwa yako?"

Kicheko kilimtoka Kiarie usoni. Aliwatazama wanawake wale, akamtazama Becky, akamshika mkewe mkono.

"Nanja, twende ndani nikuambie."

"Hakuna kwenda ndani," Mama Njuguna akasema. Akavuka uani akipita juu ya soda na chupa, akamwondoa Becky njiani kwa bega, akafunga geti na kutia komeo. "Utasema hapa."